Mdudu ni Kiumbe, Sarufi Yashuhudia

Mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha usiku, na asubuhi yake sakafu ya baraza yetu ilikuwa imefunikwa na mbawa. Msomaji aliyelelewa sehemu za magharibi mwa nchi hahitaji kuelezwa zaidi. Kumbikumbi walikuwa wameufuata mwanga wa taa tuliyosahau kuizima, wakajipigapiga ukutani hadi wakaishiwa nguvu. Mbawa zilikuwa maelfu, na katikati yake miili iliyolala kifudifudi, mingine ikiwa imekwisha kukatwa vichwa na sisimizi. Binti yangu, mwenye umri wa miaka minane, alisimama mlangoni na ufagio mkononi. Akaniuliza, "Baba, hawa wote wamefariki?"

Nilifanya lile ambalo mwalimu wa lugha hulifanya hata kabla ya kunywa chai. Nilimsahihisha. Nilimwambia kwamba mdudu hafariki, mdudu hufa. Binadamu ndiye afarikiye, ndiye aagaye dunia, ndiye aitwaye marehemu. "Kwa nini?" akauliza. Nikamwambia kwamba ndivyo lugha ilivyo. Jibu hilo, ambalo nimewakataza wanafunzi wangu kulitoa kwa muda wa miaka kumi na mitano, lilinitoka kinywani bila haya, na limenisumbua tangu siku hiyo.

Tuanze basi na lugha, maana hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Neno kufariki tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya kuachana na kutengana. Anayefariki huachana na wenzake, kwa hiyo ni lazima pawe na watu wanaoachwa. Kuaga dunia nako ni adabu ya mgeni aondokaye huku akijua kuwa anaondoka. Mdudu hatukumpa adabu hizo. Yeye hufa tu, kwa kitenzi kile kile tunachokitumia kwa saa iliyosimama na betri iliyokwisha. Wahenga nao walinena kwamba nzi kufa juu ya kidonda si haramu, na sijapata kumsikia mtu akiuliza nzi mwenyewe angesema nini.

Hata hivyo, lugha hiyo hiyo inayomnyima mdudu kufariki imempa jambo jingine lililo kubwa zaidi. Imemweka katika ngeli ya A-WA, pamoja nawe msomaji, pamoja na rais na askofu. Tazama majina kama kipepeo, kiroboto na kiwavi. Kwa umbo yafanana na kiti na kisu, na mgeni anayejifunza Kiswahili angetarajia tuseme kipepeo kimetua. Hatusemi hivyo. Twasema kipepeo ametua, kiroboto ameruka, kiwavi anakula. Uhai wa kiumbe unaishinda ile ki- iliyo mwanzoni mwa jina lake. Mti nao una uhai, hunywa maji, huzaa na kuzeeka, lakini twasema mti umekauka. Mwembe uliopandwa na babu yako haukupewa nafasi aliyopewa chawa. (Kwa nini iwe hivyo ni mada ya mhadhara mzima, na wanafunzi wangu watathibitisha kwamba mhadhara huo ni mrefu.)

Naam, katika mitaa ya miji yetu wengi husema hizi mende, hizi mchwa. Mimi ni miongoni mwa wale wanaoumizwa masikio na usemi huo. Nitaurudia hapa chini, na msomaji ataona kwamba masikio si kiungo pekee kilichoumia.

Kumbikumbi huishi gizani karibu maisha yake yote. Ndani ya kichuguu yumo malkia awezaye kutaga mayai kwa maelfu kila siku na kuishi zaidi ya miaka kumi. Wamo wafanyakazi ambao hulima uyoga chini ya ardhi, na wamo askari wenye mataya makubwa mno hata hawawezi kujilisha, wakawa wanatiliwa chakula kinywani na wale wanaowalinda. Baada ya mvua matundu hufunguliwa na wenye mbawa hutoka. Ndege huwangoja hewani, vyura na mijusi chini, kuku uani, na watu wakiwa na masufuria. Kuruka kwenyewe ni kwa muda mfupi tu. Atuaye salama huzivua mbawa zake mwenyewe, kwa kuwa hatazihitaji tena. Jike hutangulia, dume humfuata nyuma karibu kabisa, wakitafuta mahali pa kuchimba. Katika maelfu waliotoka, jozi zinazofanikiwa kuanzisha kichuguu kipya ni chache mno.

Nyanya yangu, aliyeishi katika kijiji kimoja huko Vihiga, alijua kuwatoa hata bila mvua. Alikifunika kichuguu kwa matawi na blanketi kuukuu, akaacha tundu moja lielekealo kwenye shimo dogo, kisha akatuketisha wajukuu tupige vijiti juu ya gogo kwa mdundo wa manyunyu. Kumbikumbi wakatoka wakidhani mvua imekuja. Tuliwaua kwa mamia huku tukiimba, na tukawala, wengine wangali hai wakitutekenya ulimini. Lakini ole wake mtoto aliyekitia kichuguu jembe, au aliyemng'oa kumbikumbi miguu ili amtazame akigaagaa. "Mlichokula kinatosha," nyanya alitukemea. "Mkimmaliza mama yao, mwaka ujao mtanila mimi?"

Hayo yalikuwa mauaji, na sitaki kuyapaka rangi. Tuliwalaghai viumbe kwa mvua ya uongo na tukawatia tumboni. Ila nyanya aliyafanya akijua kwamba anaua, na kwamba mle ndani kuna mama.

Kichuguu hicho hicho ndicho kilichonionyesha vita kwa mara ya kwanza. Alasiri moja niliona mstari mweusi ukikatiza uwanja, wa chungu wakubwa ambao mwalimu wetu alituambia kwamba kwa Kiswahili huitwa sungusungu. Ukiwasumbua hutoa sauti kama ya mafuta yanayochirizika kikaangoni. Waliingia katika kichuguu, na baada ya muda wakatoka, kila mmoja amebeba mchwa wawili, watatu, wanne kwa mataya. Wengine walirudi na mguu mmoja umekatwa, wengine na kichwa cha askari mchwa kingali kimewang'ata. Niliketi pale hadi jua likatua. Nilipoitwa kula niliona haya, sijui kwa nini.

Miaka mingi baadaye nilisoma kazi ya watafiti, akiwamo Erik Frank, waliowachunguza chungu wa namna hiyo wavamiao mchwa nchini Ivory Coast. Mwaka 2017 walieleza kwamba chungu aliyejeruhiwa vitani hutoa harufu fulani, nao wenzake humbeba na kumrudisha nyumbani. Huko vidonda vyake hurambwa na kusafishwa, na wengi wa waliotibiwa hupona, ilhali walioachwa bila tiba wengi hufa. Utafiti mwingine wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba wanakitambua kidonda kilichoingiwa na vijidudu, na hukipaka dawa itokayo katika tezi zao wenyewe. Aliyepoteza miguu mitano hutapatapa mahali alipoangukia, hatulii ili abebwe, na huachwa papo hapo. Sisemi kwamba chungu wana huruma. Kila aliyeokolewa ni askari wa kesho, na hesabu hiyo inaweza kueleza mambo yote bila kutaja moyo. Nasema tu kwamba hata jamii inayoishi kwa kuua imejifunza kumtambua aliyejeruhiwa.

Wasukuma wa Shinyanga na Tabora walipounda makundi ya kupambana na wezi wa mifugo mwanzoni mwa miaka ya 1980, jina la chungu hawa ndilo lililoshika. Baadaye jina likavuka mpaka na kufika kwetu, katika nchi ya Wakisii. Lilikuwa jina la kutisha na pia la sifa: wako wengi, wanakuja kwa pamoja, hawarudi nyuma. Wapo waliouawa na makundi yenye jina hilo kabla hakimu hajawaona wala kuwasikia. Chungu mwenyewe, nadhani, angeshangaa kwamba jina lake limetumika hivyo. Yeye huua mchwa apate kula, akishiba hurudi nyumbani.

Huo ni upande mmoja, mtu kujiita mdudu ili aogopwe. Upande wa pili ni kumwita mwingine mdudu ili asihurumiwe, na hapa kalamu yangu inakuwa nzito.

Jirani zetu wa Rwanda humwita mende inyenzi. Katika miaka ya 1960 jina hilo lilitumika kwa wakimbizi wa Kitutsi waliovuka mpaka usiku wakiwa na silaha na kutoweka kabla ya mapambazuko. Kufikia miaka ya 1990 lilikuwa limevishwa kila Mtutsi, mwenye silaha na asiye nayo, ajuza na mtoto wa mgongoni. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, ililirudia hadi likawa neno la kawaida kama salamu. Mwaka huo huo gazeti la Kangura lilichapisha makala yaliyodai kwamba mende hawezi kuzaa kipepeo. Nimeifikiria sana hoja hiyo kwa miaka mingi, kwa sababu kama hoja ya elimu ya wadudu haina miguu. Kipepeo mwenyewe hazai kipepeo. Hutaga yai, na yai hutoa kiwavi, mnyonge mwenye nywele anayechukiwa na kila mkulima wa sukuma wiki. Lakini mwandishi yule hakuwa akifundisha elimu ya wadudu. Alikuwa akiwaambia wasomaji wake kwamba hata mtoto mchanga wa jirani yao hatakuwa kitu kingine. Katika muda wa siku takriban 100 za mwaka 1994, watu wapatao 800,000 waliuawa, walio wengi wakiwa Watutsi. Mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani mwaka 2003 mwenye gazeti hilo pamoja na waanzilishi wawili wa redio ile. Rufani ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kuwapunguzia adhabu, lakini hakuna aliyeachiliwa huru. Mmoja wao alikuwa mhadhiri wa historia katika chuo kikuu.

Yupo mwingine ambaye hunikosesha usingizi zaidi. Léon Mugesera alikuwa mwanaisimu, aliyesomea Kanada na kufundisha chuo kikuu nchini mwake. Tarehe 22 Novemba 1992, mahali paitwapo Kabaya, aliuhutubia mkutano wa chama tawala, akawasema hao inyenzi, na akautaja mto Nyabarongo kuwa ndio njia ya mkato ya kuwarudisha Ethiopia. Alitorokea Kanada, akapigania kubaki huko hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipotoa uamuzi dhidi yake mwaka 2005, akarudishwa kwao mwaka 2012, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mtu huyu alizijua fonimu na mofimu kama nizijuavyo. Alijua, kuliko wasikilizaji wake, jinsi neno linavyofanya kazi.

Nyabarongo huingia katika mto Kagera, na Kagera humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Mwaka 1994 miili ilielea hadi kwenye fuo za ziwa upande wa Uganda. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Nyumbani kwetu mama aliacha kununua samaki kwa miezi kadhaa na hakutueleza sababu, nasi tukala maharagwe.

Kila jina, msomaji, huja na kitenzi chake mfukoni. Doa hufutwa, kwekwe hung'olewa, mende hukanyagwa, mchwa hunyunyiziwa dawa. Nzige wa jangwani walipotuvamia kuanzia mwisho wa mwaka 2019, tulisema lazima waangamizwe, ndege zikaruka na kumwaga sumu, na hakuna aliyelalamika juu ya kitenzi hicho. Mimi pia sikulalamika, shamba letu lilikuwa na mahindi. Kitenzi kilikuwa mahali pake. Lakini ukimwita mtu nzige, huhitaji tena kusema aangamizwe. Msikilizaji atakimalizia kitenzi mwenyewe, na ukifikishwa mahakamani utasema hukukitamka.

Nimezungumza juu ya Rwanda kwa kirefu, na pengine msomaji anasema kwamba mhadhiri huyu anaona kibanzi katika jicho la jirani. Basi nirudi nyumbani.

Wiki mbili kabla ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 nilikuwa mhadhiri msaidizi, kijana wa miaka ishirini na saba, katika chuo kimoja cha Bonde la Ufa. Tulikuwa tukisahihisha mitihani. Saa nne tuliketi katika mkahawa wa wafanyakazi, na mazungumzo yakageukia siasa, kama yalivyogeukia kila mahali wakati ule. Mwenzetu mmoja, mtu mzima aliyenizidi vyeo na umri, mcheshi na mkarimu, alizungumzia jamii moja ambayo wengi wake walikuja kununua mashamba katika eneo hilo. Akasema, "Hizi mchwa zikiachwa, zitakula hadi boriti."

Nami nikamsahihisha. Nilisema, "Hawa mchwa, Daktari. Wakiachwa, watakula."

Meza nzima ilicheka. Naye alicheka, akanipigapiga begani, akasema kwamba vijana wa isimu hawana dogo. Kwa muda wa dakika nzima nilijiona mwerevu. Katika meza ya pili alikuwa ameketi karani wa idara yetu, mama wa makamo, ambaye kwao ni katika jamii ile iliyotajwa. Alikuwa na kikombe cha chai na andazi. Hakugeuka. Aliliacha andazi katika sahani, akachukua mkoba wake, akatoka.

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, nchi ililipuka. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133. Karani wetu nyumba yake ilichomwa, na ndugu yake aliuawa njiani akijaribu kufika kituo cha polisi. Hayo nilisimuliwa na wengine. Yeye mwenyewe alirudi mara moja tu, mwezi wa Machi, kukabidhi funguo na kuchukua picha ya watoto wake iliyokuwa juu ya meza. Nilimkuta ukumbini. Nilimwambia, "Pole sana, mama." Akanijibu, "Nimeshapoa, mwalimu," kama mtu ajibuvyo aliyejikwaa kidole. Sikumtajia ule mkahawa. Yeye pia hakuutaja, na sijui kama alisikia sahihisho langu au alisikia kicheko tu.

Sidai kwamba maneno ya mezani petu yaliichoma nyumba yake. Waliokwenda na viberiti hawakuwa wakinywa chai nasi. Lakini walikuwa na meza zao, na naamini pale pia alikuwapo mtu mwenye elimu kidogo ambaye angeweza kunena, akaona afadhali acheke. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Wakati ule kunguru walikuwa wakihojiwa katika televisheni, wakiwa wamevaa tai.

Baada ya hapo tulipata sheria. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipitishwa mwaka 2008, na tume iliyoundwa chini yake ilitoa orodha ya maneno ya chuki mwaka 2022, madoadoa na kwekwe yakiwamo. Sipingi kazi hiyo. Kama mwanaisimu, hata hivyo, sina imani kubwa na orodha. Neno likipigwa marufuku, jingine hulala mahali pake usiku huo huo. Na mchwa hawezi kuorodheshwa, kwa kuwa mkulima wa Vihiga lazima awe na jina la kumwita yule anayekula nguzo za nyumba yake. Madhara yalianza pale neno lilipotolewa shambani na kuletwa mezani, na hapo hapana afisa wa tume anayeweza kuketi. Tuliketi sisi.

Mwenzangu yule alikufa miaka michache iliyopita. Familia yake iliniomba niandike tanzia, nikaiandika vizuri, kwa maana alikuwa amenisaidia kupata nafasi ya kusomea uzamifu na nilimpenda. Niliandika amefariki, ameaga dunia, ametutoka. Sikuandika chochote juu ya mchwa. Na mimi niliyemsahihisha ngeli sikuwa na haki ya kumwandikia zaidi ya hayo.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani siku ile barazani, nikiwa nimemwambia mtoto kwamba ndivyo lugha ilivyo. Yeye alikuwa amekwisha kuzifagia mbawa zikawa rundo moja, jepesi hata pumzi ilitosha kulipeperusha. Nikaona kwamba jibu langu la kwanza halifai, nikamweleza asili ya neno kufariki, kwamba ni kuachana na wenzako. Alifikiri kidogo. "Basi hawa wamefariki," akasema, "kwa sababu wenzao wako kule kwenye kichuguu." Nilitaka kumjibu kwamba hilo silo suala, kisha sikuwa na hakika kama silo.

Alikuwa amekwisha kuinama. Karibu na ukuta, kati ya maiti, kumbikumbi wawili wasio na mbawa walikuwa wakitembea, jike mbele na dume nyuma, wakielekea kwenye ufa ulio chini ya kizingiti. Nilikuwa nimesimama njiani mwao na kiatu changu cha kazini.

"Baba, sogea," akasema. "Wanapita."